Walisita Wapi?

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliniletea rasimu ya sura ya kwanza ya tasnifu yake. Anaandika kwa Kiswahili, jambo ambalo bado linahitaji ujasiri katika vyuo vyetu, lakini vitabu vingi anavyovisoma ni vya Kiingereza. Katika ukurasa wa tatu nilikuta sentensi isemayo kwamba kamati fulani "ilipatwa na miguu baridi", na mbele kidogo kwamba wizara "iliburuta miguu yake". Nikazizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Tulipokutana kwenye semina nilimwomba azisome mbele ya wenzake. Wakacheka, naye akacheka. Kisha, kwa utulivu kabisa, akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini Mwingereza asipotaka jambo, miguu yake ndiyo inayosema?"

Nilimjibu kwa utani kwamba kwao kuna theluji, tukaendelea na kazi. Jioni, nilipobaki peke yangu ofisini, swali lilirudi. Nikafungua kamusi moja baada ya nyingine hadi mlinzi alipokuja kuuliza kama taa izimwe. Makala haya ni jibu langu kwa mwanafunzi yule. Yamebeba pia deni jingine, na namwomba msomaji anivumilie nilifikie kwa hatua zangu.

Nianze na neno lenyewe. Kutotaka huku ambako Waingereza wanakuita "reluctance" kumetoka katika Kilatini. Kitenzi chake cha asili, reluctari, kilimaanisha kushindana na kinachokukabili, kama watu wawili wapiganao mieleka. Katika Kiingereza cha karne ya 17 neno hilo bado lilikuwa na jasho la ulingoni, na aliyekuwa na "reluctance" alikuwa anapinga. Leo nguvu zimelitoka. Mtu anaweza kutenda jambo "reluctantly" bila kuinua hata kidole kulizuia. Neno lilianzia kwenye mieleka, likaishia kwenye kiti cha kuzunguka cha ofisini.

Miguu baridi nayo ina safari yake. Katika tamthiliya ya Volpone, ya mwanzoni mwa karne ya 17, Ben Jonson alitaja methali ya Lombardia, kaskazini mwa Italia, ambako kuwa na baridi miguuni kulimaanisha kuishiwa fedha kiasi cha kuuza mali kwa bei ya kutupa. Mwaka 1862 mwandishi Mjerumani Fritz Reuter alimchora mcheza karata anayejitoa mchezoni kwa kisingizio kwamba miguu yake imepata baridi. Kufikia mwaka 1896, katika toleo jipya la riwaya ya Maggie ya Mmarekani Stephen Crane, usemi huo ulikuwa umeshika maana tunayoijua leo, yaani kuishiwa ujasiri wakati jambo limekaribia kutendeka. Katika hao wote, yule mcheza karata ndiye aliyenikaa akilini. Miguu yake haikuwa na tatizo. Alikuwa na fedha mezani, na alitaka kuondoka kabla hazijaliwa.

Ndugu yake wa karibu ni yule anayekaa juu ya ua, asishuke upande huu wala ule. Usemi huo ulishamiri katika siasa za Marekani za karne ya 19, na ulipata mwenzake wa ajabu mwaka 1884. Mwaka huo kundi la wanachama wa Republican lilikataa kumuunga mkono mgombea wa chama chao, James Blaine, kwa sababu ya tuhuma za rushwa, likamuunga mkono Grover Cleveland wa Democratic. Wenzao waliokasirika wakawabandika jina la "mugwump". Neno hilo lilitoka katika lugha ya wenyeji wa asili wa Massachusetts, na mmisionari John Eliot alikuwa amelitumia katika tafsiri yake ya Biblia ya mwaka 1663 kwa maana ya mkuu wa watu. Baadaye wenye mizaha walilipa asili mpya. Wakasema ni ndege anayetua juu ya ua, uso wake, "mug", ukiwa upande mmoja, na makalio yake, "wump", upande wa pili.

Tazama dhuluma iliyofanyika hapo. Watu waliofanya uamuzi ulio wazi, tena wenye gharama kwao, waliingia katika lugha kama mfano wa watu wasioweza kuamua. Ndipo nilipoanza kuona kwamba semi hizi hazihusu hali ya hewa hata kidogo. Zinahusu nani ana madaraka ya kumpa mwenzake jina la mwoga.

Usemi wa kuburuta miguu unalionyesha jambo hilo vizuri zaidi. Kwa kawaida hutamkwa na aliye mbele kumhusu aliye nyuma. Ndivyo mzazi anavyosema juu ya mtoto anayepelekwa shule asikotaka, na msimamizi juu ya kibarua. Mwaka 1985 mwanazuoni wa Marekani James Scott alichapisha kitabu kuhusu wakulima wa mpunga wa kijiji kimoja katika jimbo la Kedah, Malaysia. Alikiita Weapons of the Weak, yaani silaha za wanyonge, na miongoni mwa silaha alizoziorodhesha imo hii ya kuburuta miguu, pamoja na kujifanya hujui, wizi mdogomdogo na utii wa uongo. Kile ambacho mwenye shamba alikiona kuwa uvivu, Scott alikisoma kama hoja.

Waskoti waliipa mbinu hiyo jina lao, "ca' canny", lenye maana ya kwenda taratibu na kwa hadhari. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya Glasgow waligoma wakidai nyongeza ya ujira. Waajiri wakaleta vibarua kutoka mashambani, na mgomo ukashindwa. Kwa simulizi ya Mfaransa Émile Pouget, kiongozi wa makuli aliwaambia wenzake kwamba matajiri wametangaza kuridhika na kazi ya vibarua wale, ingawa kila mtu aliwaona wakiyumba melini na kuangusha mizigo. Basi na turudi kazini, akawaambia, tukafanye kazi kama wao. Wakarudi, wakafanya vivyo hivyo. Haukupita muda waajiri wakawabembeleza wafanye kazi kama zamani, na nyongeza ikatolewa. Mwaka 1897 mbinu hiyo ilipitishwa katika mkutano wa shirikisho la wafanyakazi wa Ufaransa mjini Toulouse. Sisi tunaiita mgomo baridi. Kiswahili nacho, kumbe, kina baridi yake, ila yetu tumeiweka kwenye mgomo, hatukuiweka miguuni.

Kuna neno moja zaidi lililonirudisha nyumbani. Kitenzi "balk" husemwa juu ya farasi anayefika mbele ya kizuizi akagoma kuruka, na juu ya mtu anayefanya hivyo mbele ya jambo. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha tuta, na baadaye ukanda wa ardhi ulioachwa bila kulimwa katikati ya shamba. Nilipoona hilo niliikumbuka milima ya Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na katika miteremko ile matuta yaliufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua ule wa chini usiozaa. Wakulima walijivuta. Aliyewatazama kutoka barabarani angeona watu wavivu. Kilichokuwepo ni hoja ya kilimo isiyokuwa na baraza la kuisikiliza. Mwezi Julai 1955 kujivuta huko kuligeuka ghasia huko Matombo, na hatimaye mpango ukaachwa.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu ni hili. Miguu husema pale ambapo mdomo ungemgharimu mtu kupita kiasi. Lakini aburutaye miguu na apatwaye na baridi miguuni hawalingani, japo wote wawili hawataki. Wa kwanza hana nafasi ya kusema. Wa pili anayo nafasi, ila anahesabu fedha zake zilizoko mezani.

Na Kiswahili, je? Sisi husema mtu ametenda jambo kwa shingo upande. Usemi huu tunautumia kila siku, na sikumbuki kuwahi kuutazama kwa makini kabla ya jioni ile. Miguu ya Mwingereza inapokataa, jambo huchelewa au halitendeki. Shingo yetu inapogeuka, jambo linatendeka lote. Miguu imekwenda, mkono umetoa, kalamu imeandika. Uso tu ndio haukutazama. Ni usemi wa kweli mno, na nilipoufikia nililazimika kufunga kamusi, kwa sababu nimewahi kutenda jambo kwa shingo upande, na siku hiyo nilikuwa na mdomo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika taasisi ambayo sitaitaja, nilikuwa mjumbe mwenye umri mdogo kuliko wote katika kamati ya nidhamu. Wanafunzi walikuwa wamegoma kuingia darasani kwa sababu fedha zao za kujikimu, zile wanazoziita bumu, zilikuwa zimechelewa kwa wiki kadhaa. Vioo vya jengo la utawala vilivunjwa. Mbele yetu ililetwa orodha ya majina, bila maelezo ya nani alionekana wapi akifanya nini. Jina la sita nililifahamu. Asubuhi ya siku ile, saa ile ile ambayo vioo vilikuwa vinavunjwa, kijana huyo alikuwa ameketi ofisini kwangu tukipitia dodoso la utafiti wake. Nakumbuka alikuwa na njaa, kwa maana nilimgawia andazi langu naye akalila kwa haraka ya mtu asiyetaka kuonekana ana haraka.

Niliinua mkono. Nilisema nina mashaka kidogo kuhusu baadhi ya majina. Nilisema "baadhi". Sikutaja la sita, wala ofisi yangu, wala saa. Mwenyekiti, mzee mwenye adabu, alinishukuru kwa mchango, akaahidi kwamba utaingia kwenye muhtasari, kisha akatazama saa ya ukutani. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne, na miongoni mwa waliokuwa wameizunguka meza ile walikuwemo ambao wangeujadili. Nikashusha mkono.

Muhtasari ulikuja baada ya wiki moja, kwa Kiingereza kama ilivyo desturi. Mashaka yangu hayakuwemo. Lakini lilikuwemo neno moja ambalo nilidhani limewekwa kwa heshima yangu. Kamati, ulisema muhtasari, imeazimia "reluctantly" kuwasimamisha masomo wanafunzi waliotajwa kwa mwaka mmoja. Nililisoma mara mbili, na ninakiri kwamba lilinifariji. Nilihisi kwamba nimesikika. Nikatia saini. Saini yangu haikuwa ndogo kuliko za wenzangu, wala haikulala upande.

Kijana yule hakurudi mwaka uliofuata. Mkataba wangu ulihuishwa.

Mwaka jana nilikwenda mkoa mwingine kwa ajili ya msiba. Pikipiki niliyopanda iliharibika njiani, dereva akaisukuma hadi kwenye duka la vipuri. Mwenye duka alinitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Marahaba," nikaitikia, na sauti ikanikwama hapo hapo. Akanivutia kiti, akamtuma mtoto alete soda. Tulizungumza juu ya bei ya matairi na ubovu wa barabara. Aliniuliza kama bado nafundisha somo lile la mbinu za utafiti. Kisha, bila kubadilisha sauti, huku akitafuta kipuri kwenye kasha, akasema: "Mwalimu, ile barua ninayo mpaka leo. Imeandikwa kwamba kamati iliamua kwa kusita. Huwa najiuliza, walisita wapi? Maana kutoka siku ya kikao mpaka siku ya barua ni wiki moja tu."

Nilimwambia kwamba nilikuwepo kwenye kikao kile.

"Najua, Mwalimu. Wajumbe wote tuliwajua. Nilitaka kuja kukuomba uniandikie kwamba nilikuwa ofisini kwako. Nikafika mpaka mlangoni. Nikaona nitakuweka pabaya, nikarudi."

Miaka yote ile nilikuwa nimejiambia kwamba nilisita. Kumbe aliyesita ni yeye, mbele ya mlango wangu, kwa ajili yangu.

Simwelezi msomaji kisa hiki ili anihurumie. Ninakieleza kwa sababu wengi wanaosoma ukurasa huu ni watumishi wa umma, au watakuwa, na meza kama ile inawangoja. Jioni ile ya kamusi niligundua kwamba Kiingereza kilikuwa na usemi mwingine ambao ungefaa zaidi, nami sikuutumia. Katika sheria za Waingereza, mtu anayelazimika kulipa fedha ambazo hakubali kuwa anadaiwa huweza kulipa "under protest", yaani kwa kupinga waziwazi, ili asije akaambiwa kesho kwamba alilipa kwa hiari na haki yake ya kudai imekwisha. Usemi huo na neno lile la kwenye muhtasari yanafanana kwa mbali, lakini kazi zake ni tofauti. Neno la muhtasari lilieleza hisia zetu sisi tulioamua. Usemi wa sheria humwachia aliyeumizwa mlango wa kurudi kudai. Kama ningesema kwamba napinga, na kwamba jina la sita lilikuwa ofisini kwangu saa nne asubuhi, na kwamba naomba maneno haya yaandikwe, huenda ningeshindwa kwa kura. Lakini kijana angekuwa na karatasi ya kukatia rufaa. Badala yake alipata kielezi kimoja cha Kiingereza.

Ofisi zetu zimejaa vielezi vya namna hiyo. Tunawaandikia wananchi kwamba "tunasikitika kukujulisha", kwamba uamuzi umefikiwa "baada ya kutafakari kwa kina", kwamba hatua imechukuliwa "kwa masikitiko makubwa". Sisemi kwamba maneno hayo siku zote ni ya uongo. Nasema tuyaulize swali la mwenye duka la vipuri. Kusita huko kulitokea wapi? Nani alisimama? Alisema nini, na kimeandikwa ukurasa gani? Mluguru aliyejivuta kwenye tuta angeweza kujibu, kwa kuwa tuta lenyewe halikuchimbwa. Kuli wa Glasgow angeweza kujibu kwa kuonyesha mizigo iliyobaki gatini. Mimi ningeonyesha nini? Shingo yangu?

Neno la mwisho nililolitazama kabla mlinzi hajaja ni "scruple", lile wasiwasi la dhamiri linalomzuia mtu kutenda. Limetoka katika Kilatini, scrupulus, jiwe dogo lenye ncha, na Warumi wenyewe walishalitumia kwa maana ya jambo linalochoma moyo. Wauza dawa wa Uingereza nao walilitumia kama kipimo cha uzito, chembe 20, ambazo ni kama gramu 1.3. Jiwe la uzito huo likiingia kiatuni halimuui mtu. Anaweza kutembea nalo miaka mingi, akipanda vyeo, akichechemea kidogo. Au anaweza kusimama njiani, watu wakimtazama, akakivua kiatu.

Nilimrudishia mwanafunzi wangu rasimu yake wiki iliyofuata. Nilimwambia kwamba kutafsiri miguu baridi neno kwa neno ni kosa dogo, na kwamba kamati "ilighairi" na wizara "ilijivuta" yatatosha. Kosa kubwa ni kwamba sentensi zake hazisemi nani katika kamati ile alighairi, baada ya kusikia nini, na nani aliumia. Aende akawatafute.

Nami nimekwenda kumtafuta wangu. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kuiandikia taasisi ile, nikieleza alikuwa wapi siku ile, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi, na mbele ya nani, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari langu la miadi ambao nimekuwa nao siku zote. Nilimweleza kwamba sina hakika kama watajibu. Alikaa kimya kidogo. Nyuma yake nilisikia mtu akiulizia bei ya mnyororo.

"Andika, Mwalimu," akasema. "Mimi sina haraka tena."

Barua imekwenda. Ni ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, na saini iko chini yake.